Meno ya Kale na Kemia Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila inapotoka habari kwamba "jino limefichua alikozaliwa mtu wa kale," maswali huwa ni yale yale. Majibu yake yamekusanywa hapa. Mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine hayahitaji zaidi ya sentensi mbili.

Kwa nini wanapima meno na si mifupa?

Kwa sababu mfupa haukai kama ulivyo. Mwili wa mtu aliye hai hubomoa mfupa na kuujenga upya bila kukoma, kwa hiyo mfupa wa paja wa mtu mzima unabeba habari za miaka kumi au zaidi ya mwisho wa uhai wake, na ubavu unabeba miaka michache tu ya mwisho. Ya utotoni yameshafutika.

Enameli, yaani lile gamba jeupe gumu linalofunika jino, haina seli wala mishipa ya damu. Ikishakamilika, mwili hauigusi tena. Kilichoingia ndani yake mtoto alipokuwa na miaka mitatu kitakuwemo akiwa na sabini, na kitakuwemo miaka elfu tano baada ya kuzikwa. Isitoshe, takribani asilimia 96 ya uzito wake ni madini, na fuwele zake zimebanana kiasi kwamba maji ya udongoni hupata taabu kupenya.

Mfupa nao hautupwi. Ukiwa na jino na ubavu wa mtu mmoja, una utoto wake na miaka yake ya mwisho, na tofauti kati ya hivyo viwili mara nyingi ndiyo habari yenyewe.

Jino lipi linaeleza umri gani?

Taji la gego la kwanza huanza kujengwa karibu na kuzaliwa na kukamilika mtoto akiwa na miaka mitatu hivi. Gego la pili hujengwa kuanzia hapo hadi miaka saba au minane. Gego la mwisho huanza kati ya miaka saba na kumi na kumalizika katika ujana. Hizi ni takwimu za wastani, na gego la mwisho ndilo lisilotabirika kuliko yote. Wengine hawalioti kabisa.

Meno ya utoto huanza kujengwa mimba ingali tumboni. Ukiyatazama kwa hadubini utaona mstari unaotenganisha enameli iliyojengwa kabla ya kuzaliwa na ile ya baadaye, kwa sababu kuzaliwa kwenyewe kunautikisa mwili wa mtoto kiasi cha kuacha alama.

Kwa hiyo fuvu lenye magego yote matatu ni bahati kubwa. Mtafiti anaweza kuuliza: huyu alihama kati ya umri wa miaka mitatu na kumi na mbili? Mwenye jino moja tu hawezi kuuliza hivyo.

Isotopu ni nini, kwa maneno ya kawaida?

Ni atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito. Oksijeni nyingi duniani ina uzito wa 16, lakini kiasi kidogo kina 18. Zote ni oksijeni na mwili unazitumia vilevile, ila ile nzito huenda polepole kidogo katika uvukizaji na katika athari za kikemia. Tofauti hizo ndogo ndizo zinazopimwa. Hakuna hatari yoyote. Isotopu nyingi zinazozungumzwa katika kazi hii hazina mionzi.

Strontiamu inaelezaje mahali mtu alipokulia?

Hii ndiyo nguzo ya kazi nzima, basi tuichukue taratibu.

Miamba ina elementi iitwayo rubidiamu. Aina moja ya rubidiamu, yenye uzito wa 87, hubadilika polepole mno kuwa strontiamu-87. Nusu yake huchukua miaka bilioni 49 hivi kubadilika, muda unaozidi umri wa dunia mara kumi. Mwamba wa kale wenye rubidiamu nyingi, kama graniti, umekuwa na muda wa kujilimbikizia strontiamu-87. Mwamba mchanga wa volkeno haujapata muda huo. Ukigawanya kiasi cha strontiamu-87 kwa strontiamu-86, mwamba mchanga wa volkeno utakupa namba kama 0.704, bahari ya leo itakupa 0.7092 popote utakapochota maji, na graniti ya kale itapita 0.720 au hata zaidi ya hapo.

Mwamba huchakaa na kuwa udongo. Mmea hufyonza strontiamu kutoka udongoni, mnyama hula mmea, mtu hula vyote viwili na kunywa maji yaliyopita kwenye mwamba huohuo. Mwili hauwezi kuitofautisha vizuri strontiamu na kalsiamu, hivyo huipachika kwenye jino linalojengwa. Uwiano haubadiliki njiani kwa kiasi cha kuleta shida. Namba ya mwamba inafika kwenye jino.

Kinachofuata ni kulinganisha. Namba ya jino ikikaa ndani ya namba za eneo alipozikwa mtu, huenda alikulia hapo. Ikiwa nje kabisa, alikulia pengine.

Kwa hiyo wanaweza kutaja nchi au kijiji alikotoka?

Hapana, na hapa ndipo vichwa vya habari hupotoka kuliko mahali pengine popote.

Jino ni hodari wa kukataa. Likisema "si hapa," mara nyingi unaweza kuliamini. Likiulizwa "basi ni wapi," jibu lake ni orodha, kwa sababu mwamba wenye umri na asili ileile upo sehemu nyingi duniani. Namba 0.711 inaweza kutoka mabonde kadhaa katika mabara matatu. Mtafiti huipunguza orodha hiyo kwa kuongeza kipimo cha pili na cha tatu, pamoja na ushahidi wa kaburi lenyewe: vyombo, mavazi, namna ya kuzika. Anachobaki nacho ni maeneo yanayowezekana, yaliyopangwa kutoka lenye uwezekano mkubwa hadi lenye mdogo.

Mfano unaopaswa kufundishwa kila mahali ni wa msichana wa Egtved. Kaburi lake lilifukuliwa Denmark mwaka 1921: jeneza la gogo la mwaloni, lililotengenezwa takribani mwaka 1370 kabla ya Kristo, likiwa na nguo, nywele, kucha na meno. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba strontiamu yake haifanani na ya Denmark, na wakapendekeza kwamba huenda alitoka Msitu Mweusi, kusini mwa Ujerumani. Habari ikazunguka dunia nzima.

Mwaka 2019 watafiti wengine wawili walikuja na swali la mkulima. Ramani ya strontiamu iliyotumika ilitegemea kwa sehemu maji ya mito na maziwa ya leo. Lakini mashamba ya Denmark ya leo hutiwa chokaa ili kupunguza tindikali ya udongo, na chokaa hiyo ina strontiamu yake. Walipopima maji ya sehemu zisizotiwa chokaa, walipata namba zinazokaribia za msichana yule, karibu na alipozikwa. Kwa hoja yao, anaweza kuwa hakuvuka mpaka wowote. Kundi la kwanza halikukubali, na mjadala haujafungwa.

Jino lilipimwa sawasawa katika masimulizi yote mawili. Kilichobishaniwa ni ramani.

Ramani hizo hutengenezwaje?

Kwa miguu, zaidi. Watu hukusanya majani, udongo, konokono, maji na meno ya panya, maana panya haendi mbali na shimo lake. Kila sampuli hupimwa, kisha kompyuta hujaza nafasi zilizobaki kwa kutumia ramani za miamba, vumbi na mvua.

Ulaya imepimwa kwa wingi. Afrika ilibaki nyuma kwa miaka mingi, jambo lililokuwa na athari mbaya sana hasa kwa wanaotafiti watu waliochukuliwa utumwani. Unaweza kupata kaburi upande wa pili wa Atlantiki, ukaona wazi kwamba aliyemo hakukulia hapo, kisha ukashindwa kwenda mbele kwa sababu upande wa Afrika hakuna cha kulinganisha. Mwaka 2024 ilichapishwa ramani ya strontiamu ya Afrika kusini mwa Sahara iliyotumia sampuli zaidi ya 700 kutoka nchi 24, na ikajaribiwa kwa mabaki ya watu waliokuwa watumwa waliozikwa Charleston, Marekani, na Rio de Janeiro, Brazili. Bado ina mapengo, lakini ni tofauti ya usiku na mchana ukilinganisha na hapo awali.

Hata kabla ya ramani hiyo kulikuwa na matokeo ambayo hayakuacha shaka. Mjini Campeche, Mexico, mafundi wa ujenzi mwaka 2000 waliangukia makaburi ya zama za mwanzo za ukoloni wa Kihispania. Watu kadhaa walikuwa na meno yaliyochongwa kwa mitindo inayojulikana Afrika Magharibi, na wanne kati ya waliopimwa walikuwa na strontiamu ya juu mno, isiyoweza kutoka katika chokaa ya rasi ya Yucatán, ulipo mji huo, lakini ikiendana na miamba ya kale ya Afrika Magharibi. Hao ni miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kutambuliwa kwa mabaki yao katika bara la Amerika, tena waliozaliwa Afrika wenyewe, si watoto wa waliofika.

Oksijeni inaongeza nini?

Inaongeza hali ya hewa. Mvua inapotoka baharini kwenda bara, au kupanda mlima, oksijeni nzito hudondoka kwanza. Inayobaki ni nyepesi zaidi. Kwa hiyo maji ya pwani yenye joto na ya milimani kwenye baridi hutofautiana, na jino hubeba tofauti hiyo.

Mpiga mishale wa Amesbury, aliyefukuliwa karibu na Stonehenge, ule mduara wa mawe ya kale wa Uingereza, mwaka 2002 akiwa na vitu vya dhahabu, alitambuliwa kwa njia hii: oksijeni ya meno yake ilikuwa ya mahali pa baridi kuliko Uingereza, na eneo la milima ya Alps likawa pendekezo lenye nguvu. Aliishi takribani miaka 2300 kabla ya Kristo.

Ila oksijeni ina kasoro zake. Maji yakichemshwa, oksijeni nyepesi hutoroka na mvuke, hivyo jamii inayokunywa supu na pombe za kupikwa huonekana kama inaishi mahali penye joto zaidi. Mtoto anayenyonya naye hunywa maji yaliyopita kwanza mwilini mwa mama, na namba yake hupanda. Ndiyo maana wapimaji wengi hulikwepa gego la kwanza wanapotafuta oksijeni.

Chakula kinasomwaje kwenye jino?

Mimea hutumia njia tofauti kunasa kaboni kutoka hewani. Ngano, mpunga, shayiri, maharage na karibu miti yote iko kundi moja. Mahindi, mtama, uwele na miwa iko kundi jingine, na huchukua kaboni-13 zaidi. Tofauti kati ya makundi hayo ni kubwa kiasi kwamba haifutiki ikipita kwa mlaji. Mwaka 1977 J. C. Vogel na Nikolaas van der Merwe walitumia mifupa ya kale ya jimbo la New York kuonyesha kuingia kwa mahindi katika milo ya wenyeji. Huo ndio mwanzo wa fani hii kwa upande wa chakula.

Nitrojeni inaeleza ngazi. Kila ukipanda ngazi moja, kutoka mmea kwenda mla mmea kwenda mla nyama, nitrojeni-15 huongezeka kwa sehemu tatu hadi tano kwa elfu. Wala samaki huwa juu kabisa, maana minyororo ya majini ina ngazi nyingi.

Nitrojeni haipatikani kwenye enameli kwa kiasi cha kutosha vipimo vya kawaida. Inatafutwa kwenye dentini, sehemu ya ndani yenye protini iitwayo kolajeni. Dentini hukua tabaka baada ya tabaka kama miduara ya mti, kwa hiyo mzizi ukikatwa vipande vyembamba, kila kipande kinaweza kuwakilisha miezi kadhaa ya maisha. Mwaka wa njaa huonekana: mwili unaojila wenyewe hupandisha nitrojeni yake.

Tahadhari moja. Namba hizi hazitaji mlo. Zinakuambia "nafaka za kundi hili kwa wingi" au "protini ya bahari," basi. Anayekuletea orodha kamili ya vyakula kutokana na kaboni peke yake anaongeza chumvi.

Je, ni kweli wanaweza kujua mtoto aliachishwa ziwa lini?

Ndiyo, kwa ukaribu wa kuridhisha. Mtoto anayenyonya yuko ngazi moja juu ya mama yake, kwa hiyo nitrojeni yake huwa juu kwa sehemu mbili au tatu kwa elfu, kisha hushuka vyakula vingine vinapoingia. Njia ya pili ni bariamu, ambayo huongezeka kwenye enameli wakati maziwa ndiyo chakula kikuu.

Mwaka 2018 watafiti walipasua kwa leza jino la mtoto wa Neanderthal, jamii ya binadamu wa kale iliyotoweka, aliyeishi Payre, Ufaransa, miaka takribani 250,000 iliyopita. Alizaliwa majira ya kuchipua, akanyonya hadi miaka miwili na nusu, na angalau mara mbili akapata risasi mwilini, ile metali, katika miezi ya baridi. Mwaka uliofuata meno ya Australopithecus africanus, mmoja wa jamaa za kale za binadamu, kutoka Sterkfontein, Afrika Kusini, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2, yalionyesha maziwa ya mama kwa takribani mwaka mmoja, kisha alama zinazopanda na kushuka kwa miaka kadhaa, kana kwamba mtoto alirudi kwenye ziwa kila chakula kilipoadimika.

Binafsi naona hii ndiyo sehemu bora ya fani nzima. Wafalme wana maandishi. Mama anayenyonyesha alikuwa hana.

Na risasi? Inasomeka?

Inasomeka vizuri, tena inasomeka kwa namna mbili: ni kiasi gani, na ilitoka mgodi upi. Kabla ya uchimbaji wa metali, meno ya watu yalikuwa na risasi ndogo sana. Inapoongezeka ghafla, mtu huyo aliishi kwenye jamii yenye mabomba, vyombo au rangi za risasi.

Makaburi ya Waafrika yaliyogunduliwa New York mwaka 1991, wakati wa kujenga jengo la serikali huko Manhattan, yalitoa mabaki ya watu 419. Uwanja huo wa maziko ulitumika hadi 1794. Katika meno yaliyopimwa, waliokufa wakiwa watoto, ambao karibu wote walizaliwa hapo mjini, walikuwa na risasi nyingi kuliko watu wazima wenye meno yaliyochongwa kwa desturi za Afrika. Kwa maneno mengine, risasi ilikuwa alama ya kuzaliwa utumwani katika mji ule. Mabaki yalizikwa upya mwaka 2003.

Kuna pia onyo kutoka msafara wa meli wa John Franklin, ulioondoka Uingereza mwaka 1845 na kupotea na watu wake wote 129 katika barafu ya Aktiki. Risasi nyingi ilikutwa kwenye mabaki, na kwa miaka mingi ikaaminika kwamba makopo ya chakula yaliyozibwa kwa risasi yaliwaua. Vipimo vya baadaye, vilivyotenganisha risasi ya zamani na ya mwisho, vilidhoofisha sana dai hilo: sehemu kubwa waliondoka nayo nyumbani. Kuwepo kwa sumu mwilini hakumaanishi ndiyo iliyoua.

Kazi yenyewe maabara inakwendaje?

Kwanza jino hupigwa picha pande zote na mara nyingi hupitishwa kwenye mashine ya eksirei inayotoa umbo lake kamili, ili likikatwa ibaki nakala. Halafu sehemu ya juu ya enameli husuguliwa kwa kidrili chenye ncha ya almasi, kwa kuwa ndiyo iliyogusana na udongo. Hukatwa ukanda mwembamba kutoka ncha ya jino hadi shingoni. Upande wa ndani wa ukanda huo hukwanguliwa chini ya hadubini mpaka dentini yote iishe. Dentini huwa na rangi ya njano kidogo na laini, na fundi mzoefu huihisi mkononi kabla hata ya kuiona.

Kipande kinachobaki ni cha miligramu chache, mara nyingi kati ya 5 na 20. Huoshwa kwa maji safi kupita kiasi, huyeyushwa kwenye asidi ya nitriki, na kupitishwa kwenye kimrija chenye resini inayonasa strontiamu na kuiachia kalsiamu iende. Mwisho wa siku mbili za kazi unabaki na kidoa cheupe chini ya kikombe kidogo cha plastiki. Hicho ndicho kinachoingia kwenye spektromita, ambamo atomu hupitishwa mbele ya sumaku; nyepesi hupinda zaidi, nzito hupinda kidogo, na kila kundi huhesabiwa kwenye kikingio chake.

Kati ya sampuli na sampuli hupimwa chumvi ya kulinganishia ambayo maabara zote zinaijua. Jibu lake ni 0.71025. Isipotoka namba hiyo, vipimo vya siku hiyo haviaminiki.

Jino linaharibiwa?

Sehemu yake, ndiyo. Leza imepunguza uharibifu hadi mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, ingawa usahihi wake kwa strontiamu ni mdogo kuliko wa njia ya kuyeyusha. Kwa dentini hakuna ujanja: lazima ikatwe.

Udongo wa kaburini hauchafui majibu?

Huchafua mfupa na dentini, na hilo ni tatizo la kweli. Enameli husimama imara zaidi lakini si ngome. Watafiti huangalia urani na elementi nyingine ambazo jino hai huwa nazo kidogo mno. Zikijaa, maji ya udongo yameingia na sampuli hutupwa. Wengine hupima dentini ya jino lilelile makusudi, kwa kuwa imeshafyonza strontiamu ya kaburini, na kuitumia kama kipimo cha udongo wa hapo.

Uchafuzi mwingine hutokea mtu akiwa hai. Chumvi ya bahari na samaki huvuta namba kuelekea 0.7092. Huko Tikal, mji wa Wamaya nchini Guatemala, namba za watu zilikuwa juu kidogo kuliko za ardhi yao, na maelezo yaliyotolewa ni chumvi iliyoletwa kutoka pwani. Bila kufikiria chumvi, mtu angetangaza kwamba nusu ya mji ni wageni.

Kuna mtu ambaye maisha yake yanajulikana aliyepimwa, ili kuona kama njia hizi zinafanya kazi?

Mfalme Richard III wa Uingereza, aliyezaliwa Fotheringhay mwaka 1452 na kuuawa vitani mwaka 1485. Mabaki yake yalipatikana Leicester mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari. Meno yalionyesha kwamba alianzia mashariki kisha, kabla ya kufikisha miaka minane, akahamia upande wa magharibi wenye mvua zaidi, jambo linaloendana na kumbukumbu za familia yake. Ubavu wake, ukilinganishwa na mfupa wa paja, ulionyesha mlo wa kifahari katika miaka ya ufalme: samaki wa maji baridi, ndege wa porini. Oksijeni ya ubavu ilipanda pia, lakini safari haikuweza kueleza hilo, hivyo watafiti wakapendekeza divai. Kinywaji kilichotoka mbali kilimfanya mfalme aonekane kana kwamba yeye ndiye aliyesafiri. Bila maandishi, nani angejua?

Hii inatofautianaje na vinasaba?

Vinasaba vinasema wazazi wako walitoka ukoo gani. Isotopu zinasema wewe ulikulia wapi. Mtoto wa wahamiaji aliyezaliwa ugenini ataonekana mgeni kwa vinasaba na mwenyeji kwa strontiamu, na majibu yote mawili ni sahihi.

Jino linaweza kusema kama mtu alikuwa mwanamke au mwanamume?

Linaweza, hata vinasaba vikiwa vimeoza. Enameli hujengwa kwa msaada wa protini iitwayo amelojenini, na kromosomu X na Y hutoa aina zinazotofautiana. Valencina, karibu na Seville nchini Hispania, lilifukuliwa mwaka 2008 kaburi la kifahari lenye pembe ya ndovu, na aliyezikwa akaitwa mwanamume. Mwaka 2023 meno yalisema ni mwanamke.

Na ukoga uliokauka?

Usiutupe! Ukoga unaogeuka jiwe hunasa vumbi, wanga na protini za maziwa. Protini kama hizo, zilizopatikana kwenye ukoga wa watu wa kale wa Sudan na Kenya, zimeonyesha kwamba unywaji wa maziwa katika eneo hilo unarudi nyuma miaka 6,000. Huko Dalheim, Ujerumani, ukoga wa mwanamke wa karne za 11 na 12 ulikuwa na chembe za buluu ya lapis lazuli, jiwe lililochimbwa Afghanistan. Kwa maelezo yanayokubalika zaidi, alikuwa akichora vitabu na kuilamba brashi ili ichongeke.

Meno mangapi yanatosha kuzungumzia jamii nzima?

Hakuna idadi maalumu, ila kuna mtego wa kuujua. Makaburini wamo waliokufa tu. Mtoto aliyefariki akiwa na miaka minne huenda alikuwa mgonjwa, na mlo wake haukuwa wa wenzake waliopona. Wataalamu huepuka hilo kwa kupima magego ya watu wazima, maana hao ni watoto walionusurika, kisha kuyalinganisha na meno ya wasionusurika.

Wageni nao huhesabiwa pungufu. Mtu aliyehama kutoka mwamba fulani kwenda mwingine unaofanana naye haonekani. Ripoti ikisema asilimia kadhaa ya waliozikwa ni wageni, isome kama "si chini ya hapo."

Sampuli ndogo zinaweza kutoa wazo zuri hata hivyo. Mwaka 2011, meno 19 ya mababu wa binadamu kutoka Sterkfontein na Swartkrans yalipimwa strontiamu. Meno madogo, yanayodhaniwa kuwa ya majike, yalikuwa na wageni wengi kuliko makubwa. Inaelekea majike ndiyo yaliyoondoka kwao na madume yakabaki. Ni meno 19; wazo likae na ukubwa huo.

Nani anatoa ruhusa?

Sheria hutofautiana. Marekani imekuwa na sheria ya kurudisha mabaki ya wenyeji tangu 1990. Sheria pekee hata hivyo haitoshi, na fani hii ina historia chafu ya mifupa iliyochukuliwa bila kumuuliza mtu.

Chuo Kikuu cha Cape Town kiligundua kwamba kilikuwa na mabaki ya watu tisa wa jamii za Wasan na Wakhoi kutoka Sutherland, yaliyochukuliwa isivyo halali miaka ya 1920. Chuo kiliwatafuta wazao wao. Familia ziliamua zenyewe kwamba kabla ya maziko zinataka kujua wazee wao waliishi vipi, na vipimo vya isotopu vikafanywa pamoja na vingine, majibu yakapelekwa kwao kwanza. Maziko yalifanyika Novemba 2023. Mtafiti anayesema jamii zitakataa sayansi daima, ajiulize kama amewahi kuziuliza.

Meno yetu ya leo yataeleza nini?

Machache kuhusu mahali. Unga, maji ya chupa na mboga vinatoka nchi mbalimbali, hivyo namba za strontiamu za watu wa mijini zinasogea kuelekea wastani mmoja. Lakini tarehe zitakuwa wazi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalikaribia kuongeza maradufu kaboni-14 hewani, na imekuwa ikishuka tangu hapo. Enameli iliyojengwa katika kipindi hicho inabeba kiwango cha mwaka wake, na polisi wameshaitumia kukadiria mwaka wa kuzaliwa wa watu wasiotambulika, kwa tofauti ya mwaka mmoja au miwili.